Dramu ya Tairi la Nyuma Kushoto

Siku pikapu ilipoanza kushika breki yenyewe, nilikuwa nimekaa barazani nashona sketi za shule, pini tano mdomoni, jua halijapanda vizuri. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nasema hivyo kwa sababu kila nikisimulia kuna mjuaji anayeniuliza kama paka mweusi alipita au bundi alilia. Hakuna aliyepita wala aliyelia. Kilichotokea ni kwamba dada yangu, aliyeondoka na mzigo wa matofali saa mbili asubuhi, alirudi saa tatu na mzigo wake vilevile. Akashuka, akaufunga mlango kwa goti kama tulivyozoea kuufunga, akasema, "Gari limekataa mteremko."

Nikatema pini. "Limekataaje?"

"Nimefika pale juu, breki zikashika zenyewe. Pedali sijaigusa. Hebu nusa."

Nikanusa. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua, kali, inatoka nyuma, upande wa kushoto. Dada akatema mate kwenye rimu, yakachemka, yakakauka. Matairi mengine matatu yalikuwa baridi.

Pikapu hiyo ilikuwa ya shemeji, mume wa dada. Rangi yake ya bluu, mlango mmoja mweupe uliotoka kwenye gari jingine. Mlango wa nyuma wa kupakulia ulikuwa na tabia mbaya: ndio uliomkata shemeji nusu ya kidole cha pete, mkono wa kushoto, mwaka alionunua gari hilo. Yeye alicheka tu, akasema gari limedai mahari yake. Kazi yake ilikuwa kuchukua matofali ya saruji kutoka kiwanda kilichoko juu kwenda mahali watu wanapojenga huku chini, na njia ya karibu ni moja, yenye mteremko mkali unaoishia kwenye ukuta.

Mtaa mzima ulimwita Taratibu. Kuku wakivuka barabara, yeye alisimama mpaka avuke wa mwisho. Niliwahi kupanda naye gari nikashuka nusu njia nikatembea, na nikafika kabla yake. Huyo ndiye aliyekufa kwenye mteremko ule, saa sita mchana, na mzigo nyuma. Mkaguzi wa magari alikuja, akafungua tairi moja baada ya jingine, akakuta breki zote zimekamilika. Akaandika kwamba dereva alikuwa anakimbiza gari.

Taratibu, anakimbiza gari! Watu wakaanza, kimya kingi kina mshindo mkubwa, nani ajuaye alikuwa anawahi wapi, na kwa nani. Dada aliyameza maneno hayo miezi minane. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunafua, kwamba kufiwa angekuweza. Kilichomshinda ni kufikiri kwamba mumewe aliutupa uhai wake kwa mbio, akamwacha na watoto wawili.

Na sasa nimtaje kaka yetu mkubwa, ingawa mdomo wangu hautaki. Kaka ni fundi magari, watu wanamwita Injinia, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba. Ndiye aliyetulea sisi wawili wazazi walipoondoka. Cherehani ninayoshonea aliinunua yeye, akaibeba begani kutoka stendi mpaka nyumbani, akaiweka mbele yangu akasema, "Haya, fundi mwenzangu." Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi. Dada alikuwa akinitania kwamba kaka akisema jua ni la kijani, mimi nitakwenda kununua kitambaa kifanane nalo.

Shemeji alipofariki, kaka ndiye aliyelivuta gari mpaka gereji yake. Siku ya mazishi alifika makaburini kila mtu ameshatupia udongo wake. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa grisi hadi viwikoni. Watu walimwonea huruma, wakasema masikini, hata leo anahangaika na gari la shemeji yake. Nilimpeleka pembeni, nikamletea sabuni, nikamwosha mikono mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Pole, kaka."

Basi baada ya miezi michache dada alijifunza kuendesha, kaka akamnyooshea gari, na yeye akaishika kazi ya mumewe. Mwenye kiwanda alimkubalia shingo upande. Alimwambia wazi: mzigo ufike kila siku kwa wakati, ukianza kuchelewachelewa, kazi nampa mwingine. Dada hakuwa na kazi nyingine. Watoto walikula kwa pikapu ile, walivaa kwa pikapu ile. Ndiyo maana gari lilipokataa mteremko sote tulimkimbilia Injinia.

Alikuja mchana uleule na sanduku lake la spana. Kaka akifanya kazi huwa anaeleza, hata kama hujamuuliza. Akasema breki isiyoachia ina asili tatu tu. Labda mafuta ya breki yanakwenda lakini hayarudi, kwa sababu mpira wa breki umevimba kwa ndani. Labda pampu ile kubwa iliyo nyuma ya pedali haijilegezi. Au labda chuma chenyewe kimekwama kwa kutu. Akabadilisha mipira ya mbele. Akafungua pampu, akaiosha. Akalegeza waya wa breki ya mkono. Kila alipomaliza, dada aliendesha hadi juu ya mteremko, na kila alipofika pale gari lilishika. Lilishika kama punda aliyeona nyoka. Ilimbidi kuzunguka njia ya mbali, na mizigo minne ya siku ikawa miwili.

"Kaka," nilimuuliza siku moja, "linaloungua ni tairi la nyuma kushoto. Mbona unahangaika na ya mbele?"

"Hilo nimeshalifungua," akanijibu bila kuinua kichwa. "Liko safi."

Sikumwona akilifungua. Lakini nani angemuuliza Injinia mara mbili?

Wiki ya tatu ilipoisha alifuta mikono, akafunga sanduku lake, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hapa spana imefika mwisho. Gari hili limechezewa."

Dada akamwangalia. "Limechezewa na nani?"

Kaka alielekeza macho tu kwenye chumba cha uani, chumba cha mama mkwe.

Mama yake shemeji aliletwa kukaa na dada tangu msiba. Macho yake yalikuwa yamekwisha, anaona mwanga na kivuli basi. Alikuwa na mazoea: kila asubuhi, kabla dada hajawasha gari, mama huyo alitoka akipapasa ukuta, akafika kwenye pikapu, akaizunguka akiigusagusa kwa viganja. Akifika nyuma, upande wa kushoto, alisimama. Akainama. Akanong'ona maneno mawili matatu, kisha akarudi chumbani. Sote tulikuwa tunamwona. Tulidhani ni uchungu wa mama.

"Ananong'ona nini pale?" kaka aliuliza. "Na kwa nini pale pale? Mwanawe kafa, mkewe anaendesha gari lake na anakula. Tumia akili."

Uchawi ukishatajwa ndani ya nyumba hautoki tena. Dada alikuwa amechoka, halali, mwenye kiwanda amempa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akanigeukia mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Kaka hawezi kutudanganya."

Mama mkwe aliondoka Jumamosi, saa nne asubuhi, majirani wakichungulia. Alikuwa na mfuko mmoja. Binti yake mwingine alikuja kumchukua, na hakutusalimia. Pale getini mama alisimama, akaugeuza uso wake upande tuliokuwa, akasema, "Mwanangu hakukimbiza gari."

Jumatatu, dada alipakia matofali. Mchawi ameshaondoka, njia nyeupe. Alipofika juu ya mteremko, pikapu ilishika breki kwa nguvu kuliko siku zote. Tairi lile moja liliburuzika likachora mstari mweusi barabarani, kisha gari likazima.

Alirudi kwa njia ya mbali, akapakua, akaja moja kwa moja mpaka kwenye cherehani yangu. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba.

"Mama yule ameondoka," akasema. "Na breki zinashika. Kwa hiyo nimemfukuza bure."

Nikasimamisha cherehani.

"Funga cherehani. Kesho twende wote. Nalifungua mwenyewe."

Dada hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi na pikapu ile miaka kumi na moja. Shemeji kila akilala chini ya gari, dada ndiye aliyemshikia spana, na kanuni yake ya breki alikuwa ameikariri. Inua gari. Zungusha tairi kwa mkono. Likikataa, fungua kile kijinati kidogo cha kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, tatizo ni mafuta yaliyofungiwa. Mafuta yakitoka na tairi lisiachie, tatizo ni chuma.

Jumanne, karibu saa sita mchana, tulikuwa juu ya mteremko bila mzigo. Breki zilikuwa zimeshika palepale penye mstari mweusi. Hakukuwa na upepo. Chini kabisa niliuona ule ukuta, na kiraka cha saruji mpya mahali palipozibwa. Nikaweka mawe makubwa kwenye matairi. Dada akaingiza jeki.

Aliinua tairi la mbele kulia. Likazunguka. La mbele kushoto, likazunguka. La nyuma kulia, likazunguka bila shida yoyote. Akahamisha jeki.

Tairi la nyuma kushoto halikuzunguka. Tulilishika wote wawili, mikono minne, tukavuta mpaka gari likatikisika juu ya jeki. Halikusogea hata upana wa ukucha.

"Haya," akasema dada. "Kijinati."

Akajikunja chini, akatafuta kwa vidole, akafungua. Nilikuwa nimeshika chupa ya kukingia mafuta. Nikasubiri. Hakikutoka kitu. Akafungua zaidi. Hata tone. Hata upepo haukutoka.

"Panda, kanyaga pedali."

Nikapanda, nikakanyaga mara kumi. Nikashuka. Chupa ilikuwa kavu.

"Hili tairi halina mafuta," dada akanong'ona. Sijui kwa nini alinong'ona, tulikuwa peke yetu. "Tairi lisilo na mafuta haliwezi kushika breki. Haliwezi kabisa."

Tukatazamana. Tairi lilikuwa la moto. Niliusikia moto wake usoni.

Akafungua nati tano, tukaling'oa tairi, ikabaki ile dramu ya breki, sufuria la chuma linalofunika viatu vya breki, vile vyuma viwili vilivyopinda ambavyo hujitanua ndani yake na kulibana tairi lisimame. Dada akafunga gunia mikononi. Akavuta. Akagonga kwa nyundo. Akavuta tena. Hakuna. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mwishowe aliacha kuvuta. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa gari, akafumba macho.

"Baba watoto," akasema polepole. "Niachie. Nataka kuona."

Dramu ikaachia.

Haikuchomoka kwa nguvu. Ilimtelezea dada mapajani, kama mtu aliyekuwa ameishika ametoa mikono yake. Dada akaitupa chini, inaunguza. Nikainama kutazama pale ilipotoka.

Hapakuwa na kitu.

Hakukuwa na viatu vya breki. Hakukuwa na springi hata moja. Palikuwa na utando mkavu wa buibui, na bomba la mafuta ya breki, limekatwa, mdomo wake umezibwa kwa msumari na kupondwapondwa kwa nyundo. Tairi hili lisingeweza kushika breki leo, wala jana, wala siku yoyote ya wiki zile tatu.

"Dada," nikasema. "Limeshikwa na nini?"

Yeye alikuwa ameigeuza dramu kwa ncha ya spana, anatazama ndani, kwenye ule ukingo unaosuguliwa. Nikasogea. Chuma kilikuwa kimeungua rangi ya zambarau, na katikati ya rangi ile palikuwa na alama. Kiganja. Kidole gumba. Kidole cha shahada. Cha kati. Kidole cha pete kiliishia nusu.

Dramu ilikuwa inapoa. Ililia, ti, ti, ti.

Dada hakupiga kelele. Aliikunja ndani ya gunia, akaipakata, kisha akaiweka kwenye kiti. Tulirudisha tairi bila dramu, tukageuza gari, tukarudi kwa mwendo wa kutambaa. Halikushika tena hata mara moja. Njiani alisema jambo moja tu: "Twende kwa kaka."

Kaka alikuwa chini ya gari la mteja, miguu nje. Aliitambua sauti ya pikapu, akajiburuta akatoka, anatabasamu. Tabasamu lile ninalikumbuka, kwa sababu sijalirudia kuliona.

"Mmefika. Limeleta kisa tena?"

"Tumelifungua," dada akasema. "La nyuma kushoto."

Kaka akasimama, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa. Alifuta muda mrefu. "Nani kawaambia mfungue? Mngeumia."

"Ndani hamna kitu, kaka. Hamna viatu."

"Haiwezekani," akasema Injinia, haraka, kwa ile sauti yake ya kumsahihisha mtu. "Nilivirudisha vyote viwili."

Redio ilikuwa inaongea mahali fulani nyuma, habari za mpira. Niliyaona maneno yale yakimrudia usoni, na nikaona alivyotamani kuyameza.

"Ulivirudisha," dada akasema. "Vilikuwa wapi?"

Kaka akakaa kwenye tairi bovu. Nilisubiri aseme kitu ambacho kingenifanya nimuamini. Nilikuwa tayari kuamini chochote. Jua la kijani.

"Kulikuwa na gari la mteja," akasema, akitazama chini. "Limekaa hapa siku tatu, yule bwana ananifokea mbele za watu. Viatu vya aina ile dukani havikuwepo. Gari la shemeji lilikuwa hapa kubadilishwa oili, na viatu vyake ni vipya, nilivifunga mwenyewe. Nikasema ndugu ni mtu wa kusubiri. Mafundi wote tunafanya, mnajua, gari la ndugu ndiyo stoo. Nikavitoa vya tairi moja. Nikaziba bomba kwa msumari, mafuta yasimwagike. Breki tatu kwa barabara tambarare zinatosha. Ingekuwa siku mbili tu."

"Ulimwambia?"

Kaka akakunjakunja kile kitambaa.

"Taratibu alikuwa mwoga wa breki mbovu," dada akasema. "Lazima alikuuliza. Alikuuliza kila mara. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia breki safi."

Akasema hivyo, na sauti yake ilikuwa ndogo. Akaendelea. Siku ya mazishi, sisi tukiwa makaburini, alilifuata gari la mteja, akavichomoa viatu, akavirudisha kwa shemeji, akaunganisha bomba jipya. Kesho yake mkaguzi alipofungua, alivikuta. "Aliviona kwa macho yake! Nami nilikuwepo. Nawaapia, vilikuwepo, na bomba zima."

Hapo nikayatazama maji. Namaanisha nilikumbuka yale maji ya siku ya mazishi, meusi, yanavyotiririka kutoka mikononi mwake kwenye majani, na mimi namimina, namwambia pole. Nilikuwa namwosha ushahidi. Nilidhani namwosha uchungu. Mtu aliyenifundisha kuandika jina langu alinitazama vile nikimsugua vidole, akaniacha niendelee.

"Na mama?" nikamuuliza. Ndiyo mara ya kwanza nilifungua mdomo. "Mama wa watu ulimtupia uchawi kwa nini?"

"Nilitaka muachane nalo," akasema. "Nilitaka gari likatwe liwe chuma chakavu, liishe. Kila nikikaribia tairi lile nilisikia joto. Nililiogopa."

Dada akalifungua gunia, akaiweka dramu miguuni pake, uwazi ukiwa juu. Ilikuwa imepoa njia nzima, niliipakata mwenyewe. Kaka akainama kutazama. Akakiona kidole kilichoishia nusu.

Ti, ikasema dramu. Ti, ti.

Akaruka nyuma, akaangusha sanduku la spana. Gunia likaanza kutoa moshi pembeni. Dada akalizima kwa kiatu, bila haraka, akaikunja tena dramu yake.

"Nyuma ya gari hakuna mzigo," akamwambia. "Panda, uliteremshe mteremko mmoja tu. Injinia. Breki tatu zinatosha."

Kaka alishika kitasa cha ule mlango mweupe. Akakishika hivyo kwa muda. Kisha mkono ukaanguka ubavuni. Sisi tukaondoka.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, dada alikuwa mlangoni kwa wifi yake, amepiga magoti mbele ya mama mkwe. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alichukua mkono wa mama, akauingiza ndani ya dramu. Mama alipapasa kiganja. Akapapasa kidole gumba, cha shahada, cha kati. Alipofika cha pete na kukuta kimeisha njiani, alikaa na kidole chake palepale, na machozi yakatoka bila sauti.

"Kila asubuhi nilikuwa nasikia joto lake upande ule," akasema. "Nilikuwa namwambia, mshike mkeo vizuri, mwanangu. Usichoke."

Fundi mwingine, mzee asiyependa maneno, alifunga dramu nyingine, viatu vipya na bomba jipya, akatoa upepo. Ijumaa asubuhi dada alisimama juu ya mteremko, mzigo umejaa, mama mkwe amekaa pembeni yake kwa sababu alikataa kubaki. Mimi nilikuwa nyuma juu ya matofali, nimefumba macho. Gari liliteremka kama gari lolote linavyoteremka. Mwenye kiwanda alipomwona dada anarudi mapema, alitazama saa yake, akasema, "Haya, pakia tena."

Dada alikwenda kwa mkaguzi kutoa maelezo upya. Jina la shemeji likasafishwa, likaandikwa linavyostahili. Kaka alifunga gereji kabla hawajamwita, akaondoka. Hakuaga. Sijui alikokwenda, na miezi mingi nilijiambia sitaki kujua. Lakini nikishona, mguu wangu ukikanyaga pedali aliyonionyesha yeye jinsi ya kuikanyaga, hasira inapanda na kushuka na kuniacha mtupu. Afadhali angekuwa mtu baki. Mtu baki ningemlaani, nikalala.

Dramu ninayo mimi. Watoto walikuwa wanaiogopa, kwa hiyo dada aliileta barazani, nikaisukuma chini ya meza ya cherehani. Imekaa hapo mwaka mzima. Ni baridi, hata mchana wa jua kali. Joto likizidi, navua kandambili na kuegemeza mguu juu yake.

Leo mchana nilikuwa nashona sketi za shule, kama siku ile. Pini mdomoni. Mama mkwe amelala chumbani, dada yuko barabarani na mzigo. Nikasikia ti. Nikadhani ni sindano imegonga pini. Nikasimamisha cherehani.

Ti, ti, ti.

Nikauondoa mguu. Wayo ulikuwa umeshaanza kuungua.

Kisha nikatazama getini. Kuna mtu amesimama nje, upande wa pili wa mabati. Naiona miguu yake tu, kwa chini, na viatu vyenye grisi. Hajabisha hodi bado.